Jani Si Kiwanda

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na nyinyi wengine mliokuja jioni hii bila kulazimishwa na mtihani wowote, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu.

Nimeombwa nizungumze juu ya kemia inayojifunza kwa maumbile, na namna inavyoweza kutusaidia kupata nishati bila kuendelea kujaza hewa ukaa angani. Hotuba bora kuliko yangu juu ya jambo hili ilikwisha kutolewa mwaka 1912. Aliyeitoa ni Giacomo Ciamician, profesa wa kemia wa Bologna, Italia, alipohutubia mkutano wa kimataifa wa wanakemia mjini New York. Aliwaambia kuwa makaa ya mawe ni jua la kale lililozikwa ardhini, kwamba iko siku yatakwisha, na kwamba mimea inao ujuzi ambao viwanda havijaupata: kuuchukua mwanga unaotuangukia leo na kuuweka akiba ndani ya kemikali. Wala hakuwa mtu wa ndoto tupu. Juu ya paa la maabara yake alipanga safu za chupa za kioo zenye michanganyiko mbalimbali, akaziacha zipigwe na jua, kisha akapima kilichozaliwa humo.

Zaidi ya miaka 100 imepita, na bado tunachoma makaa. Wapo watakaosema tatizo ni fedha, au siasa, na hawakosei. Lakini lipo pia tatizo la wataalamu wenyewe. Wengi waliovutwa na wazo la Ciamician walilitazama jani wakaona umbo lake: kitu chembamba, cha kijani, kinachokaa juani na kutoa chakula. Wakataka kutengeneza kitu cha namna hiyo. Mimi nashikilia kwamba tukiiga umbo tutapata hasara. Cha kuiga ni kanuni zilizomo ndani, na miongoni mwa kanuni hizo ipo moja tunayoidharau sana. Nitaifikia.

Kwanza niwavunje moyo kidogo. Nishati ya jua inayoifikia dunia kwa saa moja inakaribia ile ambayo wanadamu wote wanaitumia kwa mwaka mzima. Jani linafanya nini na utajiri huo? Mazao mengi ya shambani huhifadhi asilimia 1 tu, au pungufu, ya nishati ya jua inayoyaangukia. Hata kwa mahesabu ya karatasini, kikomo ni kama asilimia 4.6 kwa mimea ya jamii ya ngano na mpunga, na 6 kwa mahindi na miwa. Paneli ya jua inayouzwa dukani leo inapita asilimia 20. Kwa hiyo anayesema jani ni mtambo wa nishati usio na kifani hajashika kikokotoo. Mmea haukuumbwa kuendesha mitambo yetu. Kazi yake ni kuishi, kushindana na jirani yake kwa mwanga, na kuacha mbegu. Mwanga kwake mara nyingi ni mwingi kupita mahitaji, na sehemu kubwa huutupa kwa makusudi kama joto ili usimuunguze.

Sasa, kama ni mvivu hivyo, tunamtazamia nini? Twendeni ndani.

Maji ni kitu kigumu kukivunja. Ili upate molekuli moja ya oksijeni kutoka kwa molekuli mbili za maji, lazima uondoe elektroni nne na protoni nne. Mwanga, kwa upande wake, hung'oa elektroni moja moja. Ukiivunja kazi katikati, unabaki na vipande vikali vinavyoshambulia kila kilicho karibu. Mwaka 1969 Mfaransa Pierre Joliot alifanya jaribio ambalo mimi nalihesabu kati ya mazuri kabisa katika sayansi ya karne iliyopita, na halikuhitaji mashine ya kutisha. Alichukua chembe za usanisinuru zilizokaa gizani, akazipiga kwa mimweko mifupi sana ya mwanga, mmoja baada ya mwingine, huku akipima oksijeni. Mmweko wa kwanza haukutoa kitu cha maana. Wa pili vilevile. Wa tatu ukatoa oksijeni nyingi. Kisha kilele kikajirudia kila baada ya mimweko minne. Mwaka uliofuata Bessel Kok akaeleza maana yake: mahali fulani ndani ya jani pana kitu kinachohesabu mpaka nne. Kinaweka akiba ya hatua moja, ya pili, ya tatu, na kinapofika ya nne ndipo kinaiachia oksijeni yote kwa pamoja. Gizani huwa kimekwisha kutulia kwenye hatua moja mbele, ndiyo maana kilele cha kwanza kilitokea kwenye mmweko wa tatu.

Kitu hicho ni nini? Picha kamili ilipatikana mwaka 2011, kazi ya Jian-Ren Shen, Nobuo Kamiya na wenzao huko Japani. Ni atomi nne za manganizi na moja ya kalsiamu, zimeunganishwa kwa atomi tano za oksijeni. Basi. Kifungu hicho kidogo, kilichokaa ndani ya protini kubwa, ndicho kilichoijaza dunia oksijeni. Bakteria wa kijani-buluu wanacho, mwani unacho, mwembe unacho, na muundo ni ule ule. Maumbile yamekuwa na mamia ya mamilioni ya miaka ya kutafuta njia nyingine ya kuvunja maji kwa mwanga, na hayajabadili.

Zingatieni metali yenyewe. Manganizi ni metali ya kawaida kabisa. Imo katika betri za tochi. Mitambo ya kisasa ya kuvunja maji kwa umeme, ile inayotumia utando wenye asidi, inahitaji iridiamu, na dunia nzima huchimba iridiamu tani 7 au 8 hivi kwa mwaka, tena kama masalia ya uchimbaji wa platinamu. Haki itendeke: mitambo ya zamani zaidi, ya maji yenye alkali, hutumia nikeli na haihitaji iridiamu hata kidogo, na ingali inafanya kazi. Lakini anayetaka kupanua ile ya asidi kwa kiwango cha kuitosheleza dunia hana budi kuuliza metali itatoka wapi.

Maji yakivunjwa hutoa pia haidrojeni, na haidrojeni si jambo dogo. Mwaka 2022 dunia ilitumia takriban tani milioni 95 za gesi hiyo, sehemu kubwa ikitoka katika gesi asilia na makaa ya mawe, na utengenezaji wake ukamwaga angani zaidi ya tani milioni 900 za hewa ukaa. Kila kilo moja ya haidrojeni inayotolewa katika gesi asilia huacha nyuma kilo 9 au 10 za hewa ukaa. Watu huitaja haidrojeni kama nishati safi. Leo hii, sehemu kubwa yake ni chafu.

Upande wa kutengeneza haidrojeni, mwalimu wetu si jani bali bakteria. Wapo wanaoishi pasipo oksijeni, wana vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kemia, viitwavyo haidrojenasi. Katikati ya vimeng'enya hivyo pana chuma kwa chuma, au nikeli kwa chuma. Wanakemia walipopata picha zake, cha nikeli mwaka 1995 na cha chuma kitupu mwaka 1998, walistaajabu. Kwenye chuma hicho zimening'inia monoksidi ya kaboni na sianidi, sumu mbili zinazoua watu. Bakteria anazitengeneza mwenyewe, kwa kiasi anachokihitaji, na kuzifunga mahali pake. Kazi inayofanywa hapo ni ya kasi: kimeng'enya kimoja cha chuma kinaweza kutoa molekuli za haidrojeni karibu 10,000 kwa sekunde.

Kwa miaka kadhaa watu walitengeneza nakala za kiini hicho. Chuma kilikuwa pale pale, salfa pale pale, na nakala zilifanya kazi vibaya. Sababu ni kwamba siri haikuwa kwenye metali peke yake, ilikuwa kwa majirani. Karibu na chuma ipo atomi ya naitrojeni inayoshika protoni na kuikabidhi kwa wakati wake, na nyuma yake protini imepanga njia nzima ya protoni kupita, kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji kwenye moto. Daniel DuBois na wenzake katika maabara ya Pacific Northwest huko Marekani waliliona hilo. Hawakujisumbua kunakili kimeng'enya. Walichukua nikeli, wakaizungushia molekuli zenye naitrojeni za kupokea protoni, wakaacha mengine yote. Mwaka 2011 walitangaza kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha kemia bila chenyewe kuliwa, kilichovuka molekuli 100,000 kwa sekunde, mara kumi ya bakteria.

Makofi baadaye. Kichocheo hicho kilidai umeme wa ziada mwingi kuliko kimeng'enya, ambacho hufanya kazi karibu bila kupoteza chochote. Hata hivyo mimi nakihesabu ni ushindi, kwa sababu kilitokana na kuelewa. Kanuni ilitolewa katika protini ikahamishiwa kwenye kitu kisichofanana nayo hata kidogo.

Nije kwenye amonia, maana hapa ndipo maneno matamu yanapowazidi watu nguvu. Mwaka 1909 Fritz Haber alionyesha jinsi ya kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni kupata amonia, na mwaka 1913 Carl Bosch akafungua kiwanda Oppau, Ujerumani. Mbolea inayoilisha sehemu kubwa ya wanadamu inatokana na kazi hiyo. Joto ni nyuzi 400 hadi 500, mgandamizo unapita mara 100 ya ule wa hewa tunayovuta, na zaidi ya asilimia 1 ya hewa ukaa ya dunia hutoka huko. Halafu bakteria aliyejificha kwenye mizizi ya maharage anafanya kazi ile ile kwa joto la udongo. Hapo msemaji hunyamaza kidogo, na ukumbi hupumua kwa mshangao.

Msemaji huyo huwa hasemi kwamba bakteria analipa gharama kubwa. Kwa kila molekuli moja ya naitrojeni anatumia molekuli 16 za ATP, ile sarafu ya nishati ya seli, na juu yake anapoteza sehemu ya elektroni zake kutoa haidrojeni asiyoihitaji. Maharage yanamlipa kwa sukari, na sukari hiyo ingekuwa mavuno. Pia huwa hasemi kwamba sehemu kubwa ya uchafu wa kiwanda cha amonia haitokani na joto wala mgandamizo. Inatokana na kutengeneza haidrojeni kwa gesi asilia. Safisha haidrojeni, na kiwanda cha Bosch chenyewe kinakuwa safi kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo ningekuwa na fedha za kugawa, ningeanza na kichocheo cha kuvunja maji kabla ya kichocheo cha naitrojeni.

Sisemi kazi ya naitrojeni ni bure. Mwaka 2003 Dmitry Yandulov na Richard Schrock walionyesha kuwa atomi moja ya metali ya molibdenamu, ikizungushiwa molekuli zinazoifaa, inaweza kugeuza naitrojeni kuwa amonia katika joto la chumba. Mwaka 2019 kundi la Yoshiaki Nishibayashi huko Japani likaisogeza mbele sana kazi hiyo kwa kutumia molibdenamu, maji na iodidi ya samariamu. Tatizo ni kwamba samariamu hiyo huliwa katika mwendo wa kazi. Isipopatikana njia rahisi ya kuirudisha, amonia yake itabaki ghali.

Sasa ile kanuni inayodharauliwa. Ndani ya ile protini inayoshika manganizi, kuna sehemu iitwayo D1. Jua likiwa kali, D1 huharibika na kubadilishwa kila baada ya nusu saa hivi. Jani haliringi kwa kichocheo kisichokufa. Kichocheo chake hufa mara nyingi kwa siku, na jani lina mafundi wanaong'oa sehemu mbovu na kuweka mpya bila kusimamisha kazi. Maumbile yaliacha kutafuta kitu cha milele yakatafuta matengenezo.

Maabara zetu kwa muda mrefu zilishindana kwa kasi. Ripoti zilisifu idadi ya molekuli kwa sekunde, na mahali pa uimara pakaandikwa kwamba kichocheo kilifanya kazi kwa saa kadhaa. Mtambo wa kiwandani unatakiwa kudumu makumi ya maelfu ya saa. Saa 10 na saa 60,000 ni vitu viwili tofauti.

Walioishika kanuni hii mapema walikuwa Matthew Kanan na Daniel Nocera. Mwaka 2008 walitengeneza kichocheo cha kuvunja maji kwa kobalti na fosfati, kitu kinachojijenga chenyewe juu ya waya ndani ya maji. Kobalti ikiyeyuka, fosfati iliyomo majini huirudisha mahali pake umeme unapopita. Kinajitibu. Kutoka hapo Nocera akaunda mwaka 2011 kile kilichoitwa jani bandia: kipande cha silikoni chenye vichocheo pande mbili, unakitia majini juani, kinatoa mapovu. Mwaka 2016 yeye na Pamela Silver wa Harvard wakaunganisha vichocheo vya aina hiyo na bakteria Ralstonia eutropha, wanaokula haidrojeni na hewa ukaa. Kwa hewa ukaa safi na umeme wa paneli nzuri, ufanisi ulifika karibu asilimia 10. Hiyo ni mara kumi ya shamba la kawaida.

Mbona basi jani bandia halipo sokoni? Kwa sababu umbo la jani ndilo linaloliponza. Ukiweka majani hayo kwenye eneo kubwa, itabidi ukusanye gesi kutoka maelfu ya vidimbwi, na haidrojeni inatoka jirani na oksijeni, mchanganyiko unaolipuka. Wakati huo huo paneli za jua zimeshuka bei mno. Ni rahisi kuzalisha umeme huku na kuvunja maji kule, kila mtambo ukitunzwa kwa namna yake. Naona kifaa chenyewe kitashindwa, na kemia iliyomo ndani yake itaingia kwenye mitambo ya kawaida bila kuonekana. Sioni ubaya wowote hapo.

Mifano mingine nitaipitia haraka. Mapafu yetu hugawanya njia ya hewa matawi kwa matawi, ngazi kama 23, ili hewa ifike kila mahali kwa usawa. Kundi la Marc-Olivier Coppens mjini London limeuchukua mpangilio huo na kuuchonga kwenye bamba za seli za haidrojeni, vifaa vinavyogeuza haidrojeni kuwa umeme, na gesi ikasambaa vizuri zaidi. Damu yetu ina kimeng'enya cha zinki kinachoweza kushughulikia molekuli za hewa ukaa hadi milioni moja kwa sekunde. Wanaotaka kuikamata hewa ukaa kwenye dohani walikitamani siku nyingi, ila moshi na kemikali za huko zilikiua. Mwaka 2014 watafiti walichapisha aina yake iliyolelewa kizazi baada ya kizazi, kwa njia ileile ya kuchagua iliyompatia Frances Arnold Tuzo ya Nobel mwaka 2018, ikastahimili zaidi ya nyuzi 100 ndani ya kemikali kali. Kinyume chake, kimeng'enya cha rubisko, ambacho mimea hukitumia kushika hewa ukaa, hushughulikia molekuli chache tu kwa sekunde na mara kwa mara hukosea kikashika oksijeni. Hicho tusikiige.

Mfano ninaoupenda zaidi unahusu betri. Ndani ya jani, elektroni husafirishwa na molekuli ziitwazo kwinoni. Mwaka 2014 Michael Aziz na Roy Gordon wa Harvard waliweka kwinoni ndani ya matangi ya maji wakapata betri ya kutunza umeme wa jua na upepo, isiyo na metali adimu. Mwaka 2016 wakaleta nyingine yenye molekuli ya ukoo wa vitamini B2. Betri hizi zilikuwa na ugonjwa mmoja: molekuli zilioza taratibu. Badala ya kukimbilia molekuli mpya, walikaa wakachunguza zinakufaje. Wakagundua kwamba kwinoni moja iligeuka kuwa kitu kingine pindi betri ilipojazwa umeme mpaka juu, na kwamba kitu hicho kikikutana na hewa hurudi kuwa kwinoni. Mwaka 2019 walionyesha kuwa kutojaza betri mpaka juu, pamoja na kuipulizia hewa, kunapunguza sana uozo huo. Dawa ilikuwa hewa ya kawaida, na ilipatikana kwa sababu mtu hakuona kuwa kumchunguza maiti ni kazi duni.

Wanafunzi, hapo ndipo penye kazi. Wanaobuni vichocheo vipya ni wengi, na majarida huwapenda. Wanaochunguza vichocheo vinakufaje, kipande gani kinang'oka kwanza, na nini kingekirudisha, ni wachache, na kazi yao haitoi picha za kupendeza. Inahitaji subira ya kuacha mtambo ukiendelea kwa miezi na kupima mabaki yasiyo na rangi.

Na nyinyi msio wanakemia, mtasikia tena habari za jani bandia. Hazipiti miaka miwili bila kuzuka. Mkizisikia, ulizeni kilifanya kazi saa ngapi, kwa metali gani, na kama ufanisi uliotajwa umehesabiwa kuanzia mwanga wa jua au kuanzia umeme uliotoka kwingine. Jibu la swali hilo la mwisho peke yake huweza kuishusha namba kutoka 50 hadi 10.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Bado sijagusa methani, wala bakteria wanaoigeuza kuwa methanoli kwa shaba, joto la kawaida tu, kazi ambayo viwanda huifanya kwa njia ndefu ya mzunguko. Naona kijana mmoja pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja samariamu. Nadhani ana hoja dhidi yangu. Karibu, kijana, tuanze na wewe.